Mtoto wa Kabatini

Kabla halijafika Hallonbergen, pembezoni mwa Stockholm, na kumfufua mtu, kabati lile lilikuwa limesimama miezi na miezi kwenye duka la vitu vya mtumba pale Vällingby, na hakuna aliyelitaka. Lilikuwa kabati la Kifaransa, la zamani, refu kupita mlango, la mbao nyeusi zenye kung'aa kama mgongo wa mende. Milango ya juu ilichongwa zabibu na ndege. Ya chini haikuchongwa kitu, ila ilikuwa mipana, na nyuma yake mtu angeweza kujikunja akalala. Mguu mmoja ulishapotea. Waswidi wa miaka ile walipenda samani nyeupe, nyepesi, za kuunga mwenyewe nyumbani kwa kifunguo kidogo. Hili walilipita kama wanavyompita mlevi kituoni: kwa adabu, bila kulitazama.

Aliyelitazama ni Gaudiose. Mama huyu Mrundi alikuwa anamwoza mwanawe Axel, na mchumba alikuwa Arielle, mjukuu wa mama Séraphine, Mkongo wa Uvira. Kwa desturi ya kwao Gaudiose alitakiwa kupeleka ng'ombe. Lakini Hallonbergen ng'ombe utamfunga wapi, kwenye kizuizi cha baiskeli? Basi akalizunguka kabati, akalisukuma kwa kiuno, halikutikisika.

"Hili lina uzito wa ng'ombe," akasema. "Nalichukua. Na Anastase ndiye atakayelisemea."

Hapo lazima niwaeleze, maana mimi mwenyewe ni mtu wa Ujiji na ilinichukua muda kuelewa. Warundi wakienda kuposa hawaendi na mdomo mtupu. Kila upande una msemaji. Msemaji wa upande wa binti anakana kwamba ana binti, anasema mmepotea njia, hapa ni kituo cha polisi. Msemaji wa upande wa mwanamume anasifu zawadi mpaka zinaona haya. Uongo wa siku ile hauhesabiwi. Ni chumvi ya chakula, na asiyejua kuutia anaambiwa ameleta posa ya mgonjwa. Anayezidisha anatozwa kinywaji, watu wanacheka, binti anatolewa.

Na kwa chumvi, Anastase alikuwa bahari. Alikuwa Mrundi, mwoka mikate mstaafu. Pale Vällingby tulipokuwa tunakunywa kahawa, kwa sababu kikombe cha pili ni bure, alishatuambia kwamba siku moja alioka mkate mrefu hata kichwa chake kikaliwa Råcksta, kituo jirani cha treni, kabla mkia haujatoka tanurini. Mezani tulikuwa wanne: yeye, mimi, Baudouin Mkongo, na Truphosa, Mkenya aliyewahi kuwa mkunga na hamwogopi mtu. Hakuna aliyeamini kitu, na hakuna aliyekosa kuja.

Basi siku ya posa, Juni 2011, ukumbi wa chini ya maghorofa ya Hallonbergen ulijaa mpaka madirisha yakatoa jasho. Kabati lilisimama katikati, limefungwa utepe, upande usio na mguu umeegemezwa kwa vitabu vya namba za simu. Msemaji wa kina Arielle alikuwa Baudouin wetu, kavaa koti jeupe la kuazima.

"Bwana msemaji," akasema Baudouin, "hiki mlicholeta ni kabati, ama ni mabaki ya safina ya Nuhu? Naona mchwa walishamaliza orofa ya twiga."

Watu wakacheka. Anastase akainuka taratibu, akaweka mkono juu ya mbao kama daktari.

"Mheshimiwa, hao unaowaita mchwa ni wageni waalikwa. Kabati hili lilitengenezwa Lyon na bwana Théodule, fundi mwenye jicho moja. Lile la pili alilitoa mwenyewe asione kazi za mafundi wenzake. Kila kabati alilolimaliza alilala ndani yake. Akiota mwanamke, alimuuzia askofu. Akiota askofu, alimuuzia mwanamke. Ndani ya hili aliota wote wawili, akakataa kuliuza, likaibiwa!"

"Na nani?" watu wakapiga kelele.

"Na mjane wa Dijon, aliyezika waume watatu na kubaki na sharubu zao, kila moja ndani ya droo yake. Mume wa nne alipofungua akakuta nafasi moja iko wazi, alikimbia mpaka Marseille bila viatu. Huko akamsimulia mfanyabiashara wa mvinyo, ambaye alikuja kulinunua ili aone sharubu. Kwa mtoto wa huyo akalirithi Mbelgiji mmoja, hakimu, aliyetumwa Kongo. Waheshimiwa, wapagazi kumi na wawili walilibeba kushuka milima hadi ziwani, na lilipofika Uvira wapagazi walikuwa wanane, na kabati limenenepa!"

Ukumbi ulikuwa umelala chini kwa kicheko. Gaudiose alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Angeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Anastase alikuwa na imani yake: kuchekesha watu ni kazi ya mtu yeyote, msemaji ni yule anayewanyamazisha baada ya kuwachekesha. Akashusha sauti.

"Ikaja vita ya waasi wa Mulele. Mwaka wa sitini na nne. Wenye umri wangu mnajua. Kabati lilikuwa limehamia misheni, kwa muuguzi wa Kiswidi. Risasi zinalia, watu wanapanda milimani, na mlangoni kwa muuguzi amesimama mtoto wa kiume, mdogo, peke yake. Mama yule akafungua milango hii ya chini. Hii hapa. Akamwambia: ingia, usilie. Wapiganaji wakaja, wakagonga kabati kwa vitako vya bunduki. Kabati halikulia. Mtoto hakulia. Wakaondoka. Muuguzi akavuka naye ziwa, akampeleka Ulaya, akakua. Kabati likamfuata. Sasa limezeeka, limekuja kutafuta mtoto mwingine wa kumlinda. Mtupe Arielle."

Kimya. Halafu vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka Fittja ninakokaa. Baudouin alitakiwa apinge. Akasema tu, "Binti atolewe." Kwenye meza kuu mama Séraphine alikuwa ameinua glasi yake ya soda, na ile glasi haikufika mdomoni wala haikurudi mezani.

Anastase akaenda jikoni kutafuta maji. Mimi nilikuwa hukohuko nikigombana na chupa, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Papa Anastase," akasema Séraphine nyuma yetu.

"Mama! Mmetunyang'anya kabati, mmetupa binti, nani kashinda?"

"Ule mutoto wa mu kabati."

"Ehe?" Bado alikuwa anacheka.

"Alikuwa na kovu?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa fupi: mama, ile ni hotuba. Lakini mtu ambaye ukumbi mzima umempigia vigelegele sasa hivi, ulimi wake ni baiskeli iliyoachwa mteremkoni.

"Kovu? Alikuwa nalo."

"Wapi?"

Anastase akagusa kidevu. Uso wa yule mama ukaanza kujifunga, kama duka linaposhusha vyuma. Aliuona, nami niliuona. Na kwa huruma, naapa ilikuwa huruma na ndiyo iliyoharibu kila kitu, akaongeza, "Na lingine..."

"Kwa goti?"

"Goti, ndiyo. Goti la..."

"La kushoto."

"La kushoto," akasema Anastase.

Séraphine akashika mpini wa friji kwa mikono miwili. "Ni Cyprian," akasema. "Ni mudogo wangu." Halafu vijana wakaingia wakipiga makofi, wakamvuta Anastase kwenda kucheza, na alipogeuka kumtazama nilimwona uso. Nimemjua miaka mingi. Alikuwa mtu aliyekanyaga kitu gizani na hajui ni nini, ila kilikuwa laini.

Arielle alilelewa na bibi yake, kwa hiyo kabati likaenda sebuleni kwa Séraphine. Tulilibeba sisi. Lifti iliyoandikwa watu sita ilipanda nalo ikilalamika kama muumini anayeamshwa alfajiri. Anastase alishika upande wa chini na muda wote hakutania. Séraphine akatuonyesha pa kuliweka, mkabala na kochi. Kisha akapiga magoti, akafungua milango ya chini, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa.

"Angeenea," akasema. "Alikuwa mudogo kwa miaka mitano yake."

Basi mambo yakaanza. Habari zilitufikia mezani kupitia Baudouin, anayesali naye kanisa moja. Séraphine amepiga simu Uvira kwa kila jamaa aliye hai. Séraphine amemwambia Arielle aandikie mashirika yanayotafuta watu waliopotea vitani. Arielle alimjibu kwa Kiswidi, kama watoto wetu wanavyojibu, kwamba bibi, huyu mzee alikuwa anatania, na bibi akamwambia afunge mdomo, wazee hawatanii juu ya mahari. Séraphine amepanda treni hadi mji mmoja wa kusini ambako wamisionari wa zamani wanakutana kwa kahawa, akamkuta muuguzi wa miaka tisini aliyewahi kufanya kazi upande wa ziwa. Akamuuliza kuhusu mtoto, yule muuguzi akasema ndiyo. Akamuuliza kuhusu kabati, ndiyo. Kovu, ndiyo. Mlezi akamvuta pembeni akamweleza kwamba huyu siku hizi anasema ndiyo kwa kila kitu. Séraphine alirudi Stockholm akiimba.

"Na amenunua godoro," akasema Baudouin. "La mutu muzima. Anasema Cyprian sasa ana makamo, mgongo utakuwa unamuuma."

Anastase alikuwa anakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Halafu lile kabati," Baudouin akaendelea, "milango ya chini haifungi. Anaiacha wazi kidogo. Nimemuuliza kwa nini, akasema ni mazoea tu."

"Hewa," akasema Truphosa. "Anaacha hewa iingie." Akamgeukia Anastase. "Mzee, mbona umenyamaza? Tangu posa hujaongopa hata mara moja. Unaumwa?"

Basi akatuambia. Wala hakuzunguka: hakuna muuguzi, hakuna misheni, hakuna mtoto, na kovu la goti alilichukua mdomoni mwa Séraphine mwenyewe. Baudouin akaweka kikombe chini.

"Lakini ile ya Mulele... mimi nilikuwa huko, Anastase. Niliamini."

"Nilikuwa ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, mtoto. Tuliwaona wakishuka kwenye maboti. Kulikuwa na watoto peke yao. Nilimwokota mmoja tu kichwani nikamweka ndani ya kabati. Nilitaka watu wanyamaze kidogo."

"Wamenyamaza," akasema Truphosa. "Wewe mzee umemfufua mtu bila ruhusa ya Yesu."

"Nimwambie?"

"Usimwambie!" Baudouin akaruka. "Tumaini linakula nini? Halili, halilali, halidai. Mwachie."

"Linanunua godoro," nikasema.

"Mimi nilikuwa mupinzani," Baudouin akasema, sauti imepungua. "Kazi yangu ilikuwa kupinga. Nilipinga mchwa, nikaacha mutoto apite."

Anastase hakwenda kwa Séraphine wiki ile wala iliyofuata. Aliacha kupanda treni ya bluu, ile inayopita Hallonbergen, akawa anazunguka kwa mabasi, asije akamkuta. Kitu alichofanya ni cha ajabu zaidi: alirudi dukani kuulizia kabati. Nilikwenda naye. Njiani alikiri kwangu kwa sauti ndogo kwamba alikuwa na ombi moja kwa Mungu.

"Lipi?"

"Kwamba nimesema kweli kwa bahati mbaya."

Ungecheka. Mimi sikuweza. Mwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa anatembea haraka kwenye mvua, akiomba awe mkweli.

Mama wa dukani alikumbuka kabati vizuri, kwa sababu lilimvunja mtu kidole siku ya kuliingiza. Alikuwa na habari zake zote, na zote zilikuwa fupi. Aliyelitengeneza hajulikani. Nyuma kuna muhuri wa moto, herufi tatu na alama kama nyundo, na mtaalamu mmoja aliyeutazama alisema ni fundi wa mji mdogo wa Ufaransa, mzuri lakini si mashuhuri, miaka mia mbili na ushee iliyopita. Lilikuja Sweden na familia moja ya Malmö iliyokuwa inauza vitambaa. Binti yao akaolewa na daktari wa meno wa Bromma, akalirithi, akaweka humo mashuka. Akafa. Watoto hawakulitaka.

"Na kabla ya hapo, au katikati," Anastase akauliza, "halikupelekwa Afrika?"

Yule mama akacheka kwa wema. "Halijavuka hata Copenhagen tangu lifike. Mashuka tu. Mashuka miaka yote."

Tulipotoka Anastase alisimama chini ya kibaraza. "Unaona," akasema. "Fundi huyo mtu wa watu. Amechonga ndege wale kwa uvumilivu wake, amepiga muhuri, hana hata jina. Na mimi nimemng'oa jicho, nimemfanya mpumbavu, nimemtia na mtoto wa watu ndani ya kazi yake."

"Nenda kwa Séraphine."

"Nitakwenda."

Akaenda, akanibeba mimi kama shahidi. Lakini kwenye ngazi za Hallonbergen, kabla ya kubonyeza kengele, nilimwona macho yameanza kuchezacheza, nikajua anatunga.

"Unataka kusema nini?"

"Kweli," akasema. "Ila kwa upole."

Upole wake ulikuwa huu. Séraphine alitukaribisha, akatuwekea chai na mandazi, godoro limesimama ukutani bado lina nailoni yake, kabati limeachama kidogo chini. Anastase akakohoa. Akasema kuna jambo alilisahau siku ile. Akasema yule mtoto, kwa kweli, hakufika Ulaya. Alishikwa na homa ya mapafu melini. Muuguzi alikaa naye. Walimwimbia. Hakuteseka.

Nilitazama sakafu. Alikuwa anataka kumuua mtoto taratibu ili asikamatwe kwa kumzaa.

Séraphine hakulia. Alivuta kiti karibu.

"Alizikwa wapi?"

"Melini... baharini, mama."

"Nani alimufunika?"

"Muuguzi."

"Na nini? Shuka? Bulangeti? Alivaa nini, ile shati yake ya kijani ama walimubadilisha?"

Anastase alifungua mdomo. Shati la kijani lilikuwa palepale, analetewa mkononi kama lile kovu la goti. Alichotakiwa ni kulipokea tu. Akaweka kikombe chini vibaya, chai ikamwagika juu ya kitambaa.

"Hakuna mtoto," akasema.

"Namna gani?"

"Hakuna meli. Hakuna muuguzi. Kabati lilikuwa la mama mmoja wa Bromma, la kuwekea mashuka. Mtoto nilimtunga mimi, mama Séraphine, nikiwa nimesimama pale, ili watu waache kucheka. Na hivi sasa nilikuwa nataka kumtunga tena."

"Na kovu?"

"Uliniambia wewe."

Jirani wa juu alikuwa anakokota kiti. Halafu Séraphine akainuka, akaenda kwenye kabati, akafunga milango ya chini, wa kwanza, kisha wa pili, akasimama ametugeuzia mgongo na kiganja kimebaki juu ya mbao.

"Kwetu," akasema, "mutu akisema mbele ya mahari, amekula kiapo."

"Kwetu ni mchezo, mama. Lakini nilijua niko mbele ya nani, na jikoni haukuwa mchezo tena. Nitukane."

"Sina nguvu ya kukutukana." Akageuka. "Unajua kwa nini nilitaka kukuamini? Kaa. Usiondoke. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mama alinipa vitu viwili: mukono wa Cyprian, na kuku. Akasema, usiache. Batu wote wanapanda mulima. Tunafika mto Mulongwe, risasi inalia, kuku anapiga mabawa, ananitoka. Nikaachia mukono nikamukamata kuku na mikono miwili. Nikageuka, hapakuwa mutu." Akakaa tena kwenye kiti chake. "Kuku alifika. Tulimukula kule juu."

Anastase alifunika uso.

"Miaka arobaini na saba," akasema Séraphine, "sijamulilia. Utamulilia vipi mutu hauna habari yake? Matanga hatukukaa. Mama alikufa anasema labda. Wewe umemutoa mu ile labda, umemuleta mpaka sebuleni kwangu, amekuwa na mulango, amekuwa na godoro. Sasa siwezi kumurudisha kule tena. Wewe ulimuleta. Utamuzika."

"Nitamzikaje, mama?"

"Utakaa matanga hapa, chini, kama ndugu. Na utamusema mbele ya batu. Utasema nitakayokupa, hayo tu. Ukiongeza neno moja la kumupendeza mutu, nitakutoa nje mbele yao."

"Na lile la kuku?" akauliza, na nilijua anaomba nini. Alitaka aruhusiwe kuliacha.

"La kuku utalisema."

Basi Oktoba matanga yakakaliwa Hallonbergen, ya mtoto aliyepotea tangu wengi waliokuja hawajazaliwa. Kochi lilipelekwa kwa jirani. Kabati halikuweza kutoka, kampuni ya nyumba hairuhusu vitu kwenye ngazi, kwa hiyo lilibaki palepale, na akina mama wakaliegemea migongo kama ukuta. Viatu vilijaa mpaka lifti. Gaudiose alipika maharage na akina mama wa kanisani wakaleta fufu na samaki wakavu. Nailoni ilitolewa kwenye godoro, likalazwa sakafuni, na juu yake akakaa Anastase, katika soksi, tangu asubuhi.

Watu walikuwa wanamjua. Alipoinuka niliona nyuso zikijiandaa: wengine walishaanza kuegemea mbele, kama wanavyofanya mezani kwetu, na kijana mmoja alitoa simu kumrekodi.

"Anaitwa Cyprian," akasema Anastase. "Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na kigugumizi kidogo akifurahi. Aliogopa bata. Alikuwa na kovu kwenye goti la kushoto, alianguka kwenye kizingiti. Siku ile alivaa shati la kijani." Akaelekeza mkono kwenye kabati. "Ile hadithi niliyoisema kwenye posa, kwamba alifichwa ndani ya kabati, ni uongo wangu. Hakufichwa. Hatujui."

Mnong'ono ukapita. Simu ya yule kijana ikashuka. Anastase aliendelea mpaka mtoni, mpaka risasi, na hapo akasimama. Mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Nimemsikia mtu huyu akisimulia usiku na mchana, sijawahi kumwona amekosa pa kwenda. Na nafasi ilikuwepo, pana kama barabara kuu: kundi la watu lingeweza kuwatenganisha, au mto, au moshi. Nani angejua? Akamtazama Séraphine aliyekuwa amekaa kati ya akina mama, kitenge kimefungwa kifuani.

"Sema," akasema Séraphine.

"Dada yake alikuwa amemshika mkono," akasema Anastase. "Na mkono wa pili alishika kuku. Kuku alimponyoka. Alimwachia mtoto, akamshika kuku."

Hakuongeza kwamba alikuwa mtoto mwenyewe. Hakuongeza kwamba Mungu anajua. Alikaa chini. Watu walingoja kidogo, maana walidhani bado, na walipoelewa kwamba ndiyo basi, Séraphine akatoa sauti. Mimi nimezika wengi, lakini sauti ile sijui niifananishe na nini, na kwa mara moja sitajaribu. Akina mama wakamdaka, Truphosa wa kwanza, na wote wakaanza, mpaka jirani wa Kiswidi akaja mlangoni na badala ya kulalamika akavua viatu.

Walikaa siku zilizotakiwa. Séraphine hakuzungumza na Anastase, wala hakumfukuza. Chakula kilipogawiwa alimpa sahani kwa mkono wake, wa mwisho, bila kumtazama, naye alikula yote.

Siku ya mwisho alikuja mzee mmoja kutoka Uppsala aliyechelewa kupata habari. Hakumjua mtu yeyote. Aliinama, akapita akishika mikono, pole, poleni, mpaka akafika kwenye godoro na kumkuta mtu mwenye macho mekundu ambaye hajanyoa, amekaa mahali pa wenye msiba.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema, akimshika kwa mikono miwili. "Marehemu alikuwa nani wako?"

Mimi na Baudouin tulimwangalia. Séraphine aliacha kukunja kitenge alichokuwa anakikunja.

Anastase hakutunga jibu. Akasogea pembeni, akamfanyia nafasi juu ya godoro, na mgeni akakaa.